Mbele ya kulipisha shofere, tuinue kwanza tapi ya kofre



Katika gazeti hili tunasoma kila mara juu ya depo: mbao chini ya magunia, madirisha ya kupitisha hewa, mitego ya panya. Ni muzuri, na sisi tumefuata. Lakini kuna depo moja ambayo hakuna mutu anaisemea, hata mafundi wa kilimo wanaokuja kututembelea. Ni kofre ya gari. Mbegu inalala ndani yake saa nzima nzima, pengine usiku muzima kama barabara imekatika, na hatujui kama fasi ile iko kavu. Sisi wa kamati ya usafirishaji tunaandika kusema mawazo yetu juu ya jambo hilo, kwa sababu kwetu lilibakiza kidogo livunje koperative.

Mwezi wa kumi uliopita tulituma gari yetu Bukavu kuchukua mbegu ya maharagi, ile inayopanda juu ya miti. Magunia manne ya kilo 50. Gari ni ndogo, ya okazio, usukani iko kuume kama nyingi zinazotoka Japani, na mlango wa nyuma unafunguka kwenda juu. Tangu Kavumu mvua ilinyesha bila kupumzika. Shofere alifika siku ya posho usiku, mwenye kushika ufunguo wa depo alikuwa amekwenda kwenye matanga, basi magunia yakabaki ndani ya gari mpaka siku ya kwanza asubuhi. Tulipofungua, gunia mbili zilikuwa zimelowana kutoka chini mpaka katikati. Maharagi yamevimba, ngozi imepasuka, mengine yameanza kutoa kamuzizi. Hata kuyapika hatukuweza, sababu mbegu ilikuwa imepakwa dawa.

Mukutano uliitwa siku ileile, na hapo ndipo tulikosea. Hakuna aliyeuliza maji yametoka wapi. Wote tuliuliza nani ameleta maji. Mumoja akasema shofere amebeba sambaza za watu tangu ziwani, beseni zimemwagika juu ya mbegu, na feza amekula peke yake. Mwingine akasema amemuona akisimama njiani. Shofere aliapa, akataja watoto wake. Hatukumusikia. Kamati iliandika kwamba atalipa gunia mbili, dola 20 kila mwezi. Na sisi tunaoandika hapa tulitia sahihi. Hatufichi.

Kisha majuma matatu, mama anayetunza depo yetu alikuwa anafagia gari ili tupakie kahawa. Alisikia harufu. Si ya samaki, ni ya nguo iliyowekwa mbichi. Akainua tapi, akainua ile karatasi ngumu iliyo chini yake, na akatuita. Mpira wa akiba ulikuwa umelala ndani ya maji kama muhogo kwenye beseni. Maji yalikuwa safi kiasi, yenye kutu pembeni, na hakuna gamba moja ya sambaza. Katika majuma yale matatu gari haikutoka uwanjani, ilikuwa inangojea pneu. Mvua tu ndiyo iliyokuja.

Mama akasema: «Basi na hii shofere ameileta usiku?» Hakuna mutu aliyecheka.

Sasa tuseme ginsi tulivyotafuta, maana hapo pia tulipoteza feza mbele ya kupata akili. Kitu cha kwanza tulichofanya ni kile ambacho kila mutu anafanya: tulinunua tiyubu tatu za silikoni sokoni, tukapaka kila fasi iliyoonekana kama ufa. Gari ikawa kama mutoto aliyekula uji bila kijiko. Mvua iliyofuata, maji yakarudi palepale. Fundi wa gari aliyetusaidia baadaye alichukua nusu ya siku kukwangua ile silikoni, kwa sababu dawa nyingine haishiki juu yake. Tena tulikuwa tumeziba matundu ambayo hayapaswi kuzibwa. Nyuma ya ile plastiki ya nyuma inayogongwa kwanza, gari nyingi ndogo ziko na tundu la kutoa hewa ya ndani, lenye vipande vya mpira vinavyofunguka na kujifunga. Ukiliziba, milango inakuwa ngumu kufunga na vioo vinafanya ukungu. Hilo tundu linaachwa, ila ukiona vile vipande vimekatika au mpira wake wa pembeni umelegea, hapo kweli maji ya barabarani yanapita.

Wengine kati yetu walileta wazo lingine: tutoboe sakafu ya kofre, maji yatoke yenyewe. Tunajua koperative zinazofanya hivyo. Sisi tunapinga. Tundu lililotobolewa na msumari linaanza kutu siku ileile, na barabara yetu inarusha matope kutoka chini kwa nguvu kuliko mvua ya juu. Na kuna jambo baya zaidi: moshi wa mashini unatoka palepale nyuma. Tundu linaloingiza maji linaweza kuingiza moshi, na wanaokaa kiti cha nyuma, mara nyingi mama na watoto, wanashuka na kichwa kinauma wanadhani ni safari. Gari nyingine ziko na kifuniko cha mpira chini ya fasi ya mpira wa akiba. Kitoeni siku ya kusafisha, mukaushe, mukirudishe. Inatosha.

Maji yana tabia moja ambayo mukulima anaijua kuliko fundi: yanaingia juu na kuonekana chini. Kama nyumba ya mabati inavuja juu ya kitanda, tundu haiko juu ya kitanda, iko mita mbili pembeni, maji yametembea juu ya mti. Gari ni vilevile. Paa ya gari ndogo ni karibu mita mbili za mraba. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Mvua ya milimita 30, ambayo kwetu si mvua ya kuogopesha, inamwaga juu ya paa ile lita 60. Nyingi zinafuata mifereji miwili ya paa, zinashuka nyuma, zinapita pembeni ya kioo na juu ya mataa. Ufa wa unene wa unywele katika njia ile unatosha kujaza beseni.

Kwa hiyo tulifanya hivi. Tulitoa kila kitu ndani ya kofre, tapi, plastiki za pembeni, mpira wa akiba, tukakausha na kitambaa na kuacha jua lifanye kazi yake asubuhi nzima. Kisha kijana mumoja mwembamba akaingia ndani na tochi, tukafunga mlango wa nyuma, milango ya mbele ikabaki wazi ili aweze kutoka kupitia viti. (Kama gari yenu iko na kofre iliyojitenga na viti, musifungie mutu ndani. Inueni kiti cha nyuma, yeye aangalie kutoka pale.) Mwingine akashika mpira wa maji wenye mfereji mdogo. Hatukuwa na mpira siku ya kwanza, tulitumia bidoni na kopo lenye matundu, na ilifaa.

Siri iko katika kuanza chini. Ukianza juu ya paa, maji yanalowesha kila kitu kwa mara moja na hujui ni wapi. Tulianza chini ya mlango, dakika tano, kijana anasema «hapana». Tukapanda kwenye taa ya namba. Hapana. Taa ya nyuma ya kuume, hapana. Taa ya kushoto, hata dakika moja haikutimia, akapiga kelele: maji yalikuwa yanashuka nyuma ya taa, yanafuata waya, yanaingia chini. Tulifungua visi za taa. Kile kipande laini cha kuziba kilichoko kati ya taa na bati kilikuwa kimekunjwa na kukatika. Hapo tulikumbuka kwamba taa ile ilibadilishwa mbele hatujanunua gari. Mutu aligongwa, akaweka taa nyingine, akarudisha kipande kilekile cha zamani.

Wengi wangesimama hapo na kunywa soda. Fundi alikataa, na tunamushukuru. Aliendelea kupanda mpaka mufereji wa paa, na pale kijana akaona tone lingine, la polepole, upande uleule. Ile dawa ngumu inayoziba fasi mabati mawili yanakutana ilikuwa imepasuka. Barabara yetu inakunja gari kila siku, gurudumu moja juu ya jiwe na lingine ndani ya shimo, na dawa ile ikizeeka haikubali tena kukunjwa. Kama tungeziba taa tu, tungerudi mukutanoni kisha mwezi moja kutafuta mwizi mwingine.

Mpira mkubwa unaozunguka mlango, ambao kila mutu anausingizia kwanza, ulikuwa muzima. Kuupima ni rahisi: weka karatasi ya daftari kati ya mpira na bati, funga mlango, vuta. Ikitoka bila kushika, fasi ile mpira umelala. Zunguka mlango wote. Na wakati wa kiangazi hauhitaji hata maji. Tangu mwezi wa sita mpaka wa nane vumbi inafanya kazi ya fundi bure: fungua kofre, angalia ndani ya kingo, utaona mistari ya vumbi nyekundu imeingia kama ulimi. Fasi vumbi imepita, mvua itapita mwezi wa tisa. Sisi tulikuwa tunapangusa mistari ile kila posho tukidhani ni usafi.

Neno moja kwa wenye gari zenye kifaa cha kupangusa kioo cha nyuma. Kama kofre inalowana hata bila mvua, angalia kamupira kale kanakopeleka maji ya kuosha kioo. Kanapita juu ya paa kwa ndani na kanaachana kwenye kiungo. Maji yenye povu ya sabuni si ya mvua.

Matengenezo yenyewe hayakuwa makubwa. Kipande kipya cha kuziba taa, dawa ya kuziba viungo vya bati, mswaki wa chuma wa kutoa kutu, rangi kidogo. Dawa ilipakwa juu ya bati kavu na safi, kutoka upande wa nje ambako maji yanaanzia, si ndani ambako yanaonekana. Tukangojea siku mbili mbele ya kumwaga maji tena. Yote pamoja ilikuwa chini ya nusu ya bei ya gunia moja ya mbegu iliyooza.

Sasa mawazo yetu, na tunajua hayatapendeza wote. Tunaona gari ya koperative ihesabiwe kama depo. Iwe na mutu anayeinua tapi kila juma wakati wa mvua, na aandike katika daftari: kavu, au mbichi. Iwe na feza yake kidogo katika bajeti, hata kama ni ya tiyubu moja na kitambaa. Watu watasema feza haiko. Ilikuwako ya kununua mbegu mara mbili. Tena magunia yawekwe juu ya vipande vya mbao na chini ya shitingi hata ndani ya kofre nzima, kwa sababu mahindi na maharagi yanataka unyevu usiopita asilimia 13, kahawa ya ngozi 11 au 12, na gunia moja lililolala juu ya tapi mbichi usiku moja linaharibu kazi ya majuma mawili ya kuanika. Kwa mahindi na karanga ni zaidi ya hasara, maana ukungu ule unaweza kuacha sumu ambayo kupika hakuiondoi.

Lakini hayo yote ni ya bati na mpira. Jambo linalotulemea ni lingine. Shofere wetu alikuwa amekwisha kulipa dola 20 za mwezi wa kwanza mbele tapi haijainuliwa. Alizitoa wapi hatukuuliza. Kamati ilimwambia kwa mudomo kwamba deni limekwisha, na wengine wanaona inatosha. Wanasema kwa kweli alikuwa anabeba abiria bila ruhusa mara moja moja, basi dola 20 zibaki kama adabu. Sisi hatukubali. Kama kubeba abiria ni kosa, lipimwe peke yake, siku yake, na kanuni mbele ya wote. Feza ile ilichukuliwa juu ya maji ya sambaza ambayo hayakuwako. Mukutano mukuu uko mwezi ujao. Tumeomba jambo hili liwe la kwanza katika orodha, mbele ya ripoti ya kahawa, na mama wa depo amekubali kusema alichokiona.