El Fasher si mechi ya mpira

Kila siku taarifa za vita vya Sudan ni zilezile: RSF wameteka mji huu, jeshi limekomboa ule, droni imeangushwa. Na sisi kwa simu tunahesabu kama magoli.

Wengi wa wanaopigana wanaelekea kibla kimoja. Wanaokufa pia. El Fasher ilizingirwa tangu Mei 2024. RSF wakazungusha tuta la udongo kuuzunguka mji, chakula hakiingii, watu wakala ambaz, makapi ya karanga wanayolishwa mifugo. Septemba 19, 2025, droni ilipiga msikiti watu wakiswali alfajiri. Zaidi ya 70 wakafa. Oktoba 26 mji ukaanguka, raia wakauawa ovyo.

Usiseme hayo ni ya huko. Februari 2025 RSF walikuja Nairobi, wakakutana KICC, na mwezi huohuo wakatia saini papa hapa mjini mkataba wa kuunda serikali yao.

Dua tuwaombee, ndiyo. Lakini pia muulize mbunge wako: nani aliwafungulia mlango, na kwa faida ya nani?