Darubini Iliyofungiwa Kabatini

Juma lililopita nilikwenda Mwaloni, Kirumba, kwa kazi nyingine kabisa. Mhariri alitaka habari ya bei ya dagaa. Jua lilikuwa linazama, saa ambayo wavuvi huwa wanapakia taa na nyavu tayari kuingia ziwani, lakini mzee mmoja alikuwa amekaa tu juu ya mtumbwi uliopinduliwa, anashona wavu. Nikamwamkia, akaitikia, nikamuuliza mbona leo hawaendi. Akaniangalia jinsi watu wa ziwani wanavyowaangalia watoto wa mjini.

"Mwanangu, mwezi huo hujauona?"

Kweli sikuwa nimeuona. Ulikuwa unachomoza nyuma yangu, mkubwa kama sinia.

Kwa wale mnaokula dagaa bila kuuliza wametoka wapi: huvuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi taa za betri na sola zimechukua nafasi kubwa. Dagaa wanafuata mwanga, wavu unawasubiri. Mbalamwezi ikiwa kali taa haina mvuto, kwa hiyo wavuvi wanapumzika siku kadhaa mpaka giza lirudi. Mzee yule hajagusa darubini maisha yake yote, lakini alinieleza bila kutazama popote kwamba kesho mwezi utachelewa kidogo, keshokutwa utachelewa tena, na baada ya siku kadhaa watapata saa za giza za kutosha kufanya kazi. Vitabu vinasema kuchelewa huko ni wastani wa dakika 50 kila siku. Yeye hana dakika, ana mahesabu ya mafuta na posho za vijana wake.

Nikarudi mjini nimeona haya kidogo. Hivi kati yetu tuliosoma, ni wangapi wanajua mwezi wa leo una siku ngapi? Ukiwatoa ndugu zetu Waislamu wanaotafuta mwezi mwandamo kila Ramadhani, tunabaki wachache. Na ukisema unapenda kutazama nyota, swali la kwanza ni kama wewe ni mnajimu, yaani utupigie ramli tujue nani atashinda uchaguzi. Marehemu Sheikh Yahya Hussein, aliyefariki mwaka 2011, alilifanya neno hilo kuwa lake. Tunaopenda sayari tu, bila kuzitabiria mtu ndoa wala cheo, hatuna hata jina linaloeleweka kijiweni.

Sasa nakuja kwenye hasira yangu.

Miaka miwili iliyopita niliingia katika shule moja ya sekondari, si mbali sana na ziwa. Jina naliacha. Katika ofisi ya mkuu wa shule nikaona kabati la vioo, na ndani yake darubini ya kutazamia anga, nzuri kabisa, ile ya kioo cha kujipinda ndani ya bomba nene. Msaada wa wafadhili. Bado ilikuwa na nailoni ya kiwandani. Nikaomba kuiona. Funguo alikuwa nazo makamu, na makamu alikuwa likizo.

Nje nikazungumza na binti wa Kidato cha Nne. Kwa miaka mingi mtaala wa Fizikia wa kidato hicho umekuwa na mada ya elimu ya nyota: mfumo wa jua, makundi ya nyota, mwezi na kupwa na kujaa kwa maji. Maswali yanakuja kwenye mtihani wa taifa. Nikamuuliza kama amewahi kuiona Zohali.

"Nimeichora," akanijibu.

Amechora! Na darubini inayoweza kumwonyesha pete zile iko hatua thelathini kutoka kwenye dawati lake.

Sitaki kumwonea mwalimu mkuu. Nilipomuuliza alinijibu kwa uaminifu: ikivunjika, nani atalipa? Kifaa kimeandikwa kwenye daftari la mali, mkaguzi akija anataka kukiona kizima. Namwelewa. Lakini kuna jambo ambalo yeye na wakuu wengi wa vitengo hawalijui. Huku kwetu hewa ina unyevu, na lenzi iliyofungiwa gizani bila hewa inaota kuvu. Kuvu wakishajishika kwenye kioo, wanakula rangi ile nyembamba iliyopakwa juu yake, na hapo hata fundi hakusaidii. Kwa hiyo kabati nalo linaiharibu ile darubini, polepole na bila mtu wa kulaumiwa.

Kosa la kuvunja angalau lina faida: kabla haijavunjika watu mia mbili watakuwa wameona kitu.

Mimi mwenyewe nilianza kwa kuibiwa. Nilinunua darubini ya plastiki dukani, boksi lina picha ya galaksi za rangi na maandishi makubwa kwamba inakuza mara 575. Nikaona sifuri na mawingu. Baadaye nikajifunza kanuni rahisi ambayo muuzaji hakuniambia: ukuzaji wenye maana ni takriban mara mbili ya upana wa lenzi kwa milimita. Lenzi yangu ilikuwa ya milimita 50. Juu ya mara 100 unakuza ukungu tu. Galileo aliona miezi minne ya Mshtarii mwaka 1610 kwa darubini ya kukuza mara 20 hivi.

Kwa hiyo washikaji mnaoniuliza mnunue nini, jibu langu ni darubini ya macho mawili, ile iliyoandikwa 7x50 au 10x50. Ukiishindwa anga, utaipeleka Serengeti. Ukitaka kubwa zaidi, epuka zile zenye kitako cha kuelekeza kwenye Nyota ya Kaskazini. Zimetengenezwa kwa ajili ya watu wa London, ambako nyota hiyo iko nyuzi 51 juu ya upeo. Mwanza tuko kama nyuzi 2.5 kusini mwa ikweta, kwetu haichomozi kabisa, na mhimili wa kitako inabidi ulale karibu sawa na ardhi. Vingi vinagoma. Chukua ile inayokaa kwenye sanduku la mbao na kuzungushwa kwa mkono, aliyoipa umaarufu John Dobson huko San Francisco. Yule bwana alikuwa mtawa, hakuwa na fedha, akatumia maboksi ya duara na vioo chakavu, na mwaka 1968 yeye na wenzake wakaanza kuwaita wapita njia waje watazame mwezi barabarani bure. Fundi seremala wa Mabatini anatengeneza sanduku lile kwa siku moja. Kioo tu ndicho cha kuagiza. Na tafadhali, kwa darubini yoyote, usitazame jua bila kichujio maalumu mbele ya bomba. Jicho halina spea.

Tena hapa tulipo ni pazuri. Tunaona anga la kaskazini na la kusini kwa pamoja, Wazungu wanapanda ndege kufuata hilo. Kiangazi cha Juni hadi Agosti mawingu ni machache. Mwaka 2023 wakati wa mgao wa umeme nilikaa juu ya mawe ya Capri Point nikaiona Njia Nyeupe juu ya paa za watu, nikashindwa kuwa na hasira na mgao kwa robo saa nzima. Na Mei 2031 kupatwa kwa jua kwa pete kutapita Tanzania, kama kule kwa Rujewa, Mbeya, tarehe 1 Septemba 2016. Watoto walio darasa la tano leo watakuwa sekondari. Funguo atakuwa nazo nani?

Juzi nilirudi Mwaloni na darubini yangu ya macho mawili. Mzee alikuwepo. Nikamwekea viwiko juu ya mtumbwi ili mikono isitetemeke, nikamwelekeza Mshtarii. Alikaa kimya muda mrefu, nikadhani hajaipata.

"Hizo taa ndogo pembeni," akasema, "ni za nani?"

Alikuwa anahesabu. Alipata tatu. Nikamwambia ya nne huenda iko nyuma ya sayari, aje kesho aangalie. Akasema kesho ataingia ziwani, giza limerudi, kwa hiyo nimemwachia kifaa aende nacho. Shule ile nimeiandikia barua.