Ruta isiyofunguka haifai Bunia

Mwaka 2016 watafiti waliochambua kumbukumbu za satelaiti za miaka 16 walipanga maeneo yanayopigwa na radi kuliko yote duniani. Ziwa Maracaibo la Venezuela lilishika nafasi ya kwanza. Ya pili ilikwenda Kabare, Kivu Kusini. Ya tatu Kampene, Maniema, zote mbili nchini Kongo. Bunia, mkoani Ituri, iko kaskazini zaidi, lakini mvua za huko nazo haziji kimya, na kila mwaka antena zinazidi kusimamishwa juu ya mapaa ya shule, vituo vya afya, parokia na redio za mtaa. Kila antena inashuka kwa waya hadi kwenye kisanduku cheupe cha plastiki kilichopigiliwa ukutani, yaani ruta.

Kisanduku hicho ndicho chenye kesi ya kujibu.

Katika ruta nyingi za madukani, redio ya Waifai imechomelewa kwa risasi juu ya bodi. Radi ikiiunguza, ruta nzima inatupwa, hata kama prosesa, memori na matundu ya waya yote ni mazima. Hakuna dereva wa pikipiki ya abiria mjini Bunia ambaye angekubali kununua chombo ambacho tairi lake limechomelewa kwenye fremu. Lakini ofisi zinazoagiza vifaa vya mtandao hununua ruta za namna hiyo kila msimu wa bajeti, na jambo hilo huitwa uangalifu wa fedha kwa sababu bei ya siku ya kwanza ni ndogo.

Kuna njia nyingine, na si ngeni. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 mafundi wa mitandao wamekuwa wakitumia bodi ndogo zenye sloti: mahali pa kuchomeka kadi ya Waifai, kadi ya modemu au hifadhi, kisha kuichomoa inapoharibika. PC Engines ya Uswisi ilitengeneza bodi za ALIX zenye sloti ya miniPCI kwa ajili ya redio na nafasi ya kadi ya CompactFlash kwa ajili ya programu. Zilikubali umeme wa volti 7 hadi 20, kwa hiyo betri ya sola ya volti 12 ilitosha bila kigeuzi. MikroTik ya Latvia ilitoa bodi ya RB433 yenye sloti 3 za redio: moja ya kupokea mtandao kutoka mnara wa mbali, nyingine ya kuugawa mtaani, ya tatu ya akiba. Redio moja ikifa, fundi hulegeza skrubu, huchomoa waya mwembamba wa antena, huchomeka kadi mpya, na bodi huendelea na kazi.

Kwa Bunia, jambo hilo lina uzito wa pekee kwa sababu ya njia. Vifaa vingi hutoka Kampala, hupita mpakani Mahagi, kisha hushuka kwa barabara ya taifa namba 27, ambayo kila msafiri wa Ituri anajua kwamba kuna wiki haipitiki. Sanduku la ruta hulipiwa nauli, ushuru na subira. Kadi ya redio hukaa kwenye mfuko wa shati.

Tena mtandao wenyewe haukai mahali pamoja. Jana ulikuwa 3G, leo ni 4G, na kesho huenda ukatoka angani: Starlink, iliyopigwa marufuku na mamlaka ya mawasiliano ya Kongo mwaka 2024, ilipewa leseni Mei 2025. Bodi yenye sloti hubadilishiwa modemu. Ruta iliyofungwa hubadilishwa yote.

Sloti ya hifadhi husemwa kidogo, nayo pengine ndiyo yenye faida kubwa zaidi. Tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi, intaneti ilikatwa Kongo nzima, ikakaa hivyo kwa takriban siku 20. Shule yenye bodi iliyobeba diski ndogo ndani yake ingeendelea kusoma. Programu ya bure ya Kiwix huiweka Wikipedia nzima ya Kifaransa katika makumi ya gigabaiti, na wanafunzi huisoma kwa Waifai ya darasani bila kununua mega hata moja. Nairobi walilielewa hili mapema. Kampuni ya BRCK, iliyojulikana mwaka 2013 kwa modemu yenye betri yake, baadaye ilitoa SupaBRCK yenye hifadhi ya ndani, ikafungwa kwenye mabasi madogo ya matatu ili abiria wapate video na vitabu bila kila simu kuvuta data kutoka mbali.

Tahadhari zipo, na muuzaji hatazitaja. Sloti mbili zinaweza kufanana kwa sura zisifanane kwa kazi. Kadi ya diski ya mSATA na kadi ya redio ya miniPCI Express zina umbo moja, lakini kadi ya diski ikichomekwa kwenye sloti ya redio haitaonekana kabisa. Katika sloti mpya za M.2 mwanya wa kadi huwa na herufi: E kwa kawaida ni Waifai, B ni modemu au diski ya SATA, M ni diski ya NVMe. RouterOS, programu ya MikroTik, nayo haitambui kila kadi. Na kadi ya microSD si mahali salama pa kuandikia data usiku kucha katika mji ambao umeme hukatika bila taarifa; diski ya SSD na betri ya akiba ni heri.

Sloti pia huzeeka. MiniPCI imekufa, na PC Engines ilitangaza mwaka 2023 kwamba haitatoa bodi mpya kurithi zile za mwisho. Anayenunua leo aanzie kwenye M.2. Ruta ya OpenWrt One, iliyotoka mwishoni mwa 2024 kwa dola 89, ina sloti ya M.2 ya diski na programu yake iko wazi. Dosari yake ni kwamba redio imechomelewa kwenye bodi. Kwa chumba cha darasa inatosha. Kwa paa la Bunia haitoshi; hapo itafutwe bodi yenye sloti ya redio pia.

Mashirika, dayosisi na vyuo vikuu vya Bunia hulipia vifaa hivi kwa fedha za wafadhili, na wafadhili husoma orodha ya manunuzi. Basi iandikwe humo: sloti ya redio, sloti ya hifadhi, umeme wa volti 12, na kadi mbili za akiba kwa kila bodi tano. Muuzaji asiyeweza kuonyesha picha ya bodi yake ikiwa imefunguliwa asipewe tenda.