Ujirani Hutunzwa kwa Ufagio

Mwaka 2000 Mji Mkongwe wa Unguja, na mwaka uliofuata mji wa kale wa Lamu, iliingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia, na tangu hapo yamenenwa mengi kuhusu milango ya nakshi, kuta za matumbawe na baraza za mawe zilizopangana mbele ya nyumba; lakini machache mno yamesemwa juu ya yule mama afagiaye kizingiti chake baada ya sala ya alfajiri, kisha akaupitisha ufagio ule ule mbele ya mlango wa jirani aliye mgonjwa, ilhali mimi naamini kwamba ni kwa kazi yake hiyo, zaidi ya chokaa na boriti, miji ile ilivyopata kuwa maskani ya watu.

Waliojenga miji hiyo walijenga kwa namna isiyomruhusu mtu kuishi peke yake. Nyumba zimebanana, maji ya paa la huyu huupiga ukuta wa yule, na chokaa isiyotengenezwa kwa wakati wake hunywa mvua za masika mpaka boriti za mikoko zikaoza; hivyo azembeaye kulitunza paa lake aghalabu humdhuru jirani kabla hajajidhuru nafsi yake. Huko Lamu watu walifuga samaki wadogo ndani ya mabirika ya maji ili wale viluwiluwi vya mbu, na kila nyumba iliyolitunza birika lake iliupunguzia mtaa mzima udhia na homa. Baraza nazo, ambazo jioni huwa kikao cha kahawa, bao na mashauri, siku ya mvua kubwa, uchochoro ugeukapo mto, huwa njia ya kila apitaye, bila kuulizwa yeye ni nani wala ametoka wapi.

Fadhila ya kazi ndogo kama hizi ni kwamba humtoa mtu nje akaonekana. Anayefagia huamkia na kuamkiwa, hujuliana hali na wapitao, na akiona jua limepanda ilhali mlango wa bibi wa nyumba ya pili haujafunguliwa, hubisha hodi. Sisi Waislamu tumefunzwa kwamba kuondoa udhia njiani ni sadaka, wala haikushurutizwa kwamba njia hiyo iwe mali yako. Harusi na msiba, ambazo tumezifanya kuwa mizani ya ujirani, kwa hakika hudhihirisha tu mapenzi yaliyokwisha kulelewa siku zote. Na asiyeyalea, hata akituma mchango mkubwa kwa simu, atapokewa kwa adabu na taadhima, lakini atapokewa kama mgeni.

Wapo watakaosema kwamba kufagia ni wajibu wa manispaa, ambayo huendeshwa kwa kodi zetu; nami nakiri kwamba kuidai manispaa itimize wajibu wake ni haki yetu. Lakini mtumishi wake, hata awe na bidii ya namna gani, hufagia akaenda zake, wala hakuajiriwa kujua ni nani hajaonekana tangu jana. Kadhalika sheria za hifadhi zaweza kuyalinda mawe ya baraza, zisiweze kumketisha mtu juu yake; na nyumba zigeuzwapo hoteli, au zinunuliwapo na watu wakaao humo majuma machache kwa mwaka, baraza hubaki nyeupe na nzuri, bila mtu wa kuitikia salamu.

Kwa hiyo nasaha yangu ni hii: wenye nyumba za wageni waziache baraza zao wazi kwa wazee wa mtaa, wazazi wawape watoto wao, wa kiume kwa wa kike, zamu ya kufagia uchochoro hadi mlango wa jirani, na sisi tuliohamia ghorofa za Dar es Salaam na Mombasa, tusio na baraza, tunazo ngazi, bomba la uani na mti wa kivuli, ambavyo kila kimoja chatosha kuwa mwanzo. Kesho asubuhi, kabla ya kwenda kazini, kila mmoja wetu na atunze kitu kimoja kisicho chake peke yake, na amwamkie kwa jina yeyote atakayepita wakati huo. Na kama jina halijui, na aliulize.