Homa Moja, Maana Tatu

Mgonjwa anaposema "nina homa", yamkini anakusudia joto la mwili, malaria au mafua. Daktari huweza kumwuliza zaidi; tarakilishi huhifadhi tu neno iliyopewa. Ndiposa viwango vya istilahi za tiba ni suala la uhai wa watu.

Programu huria ya OpenMRS, iliyoasisiwa mwaka 2004 kutokana na tajriba ya Mosoriot na Eldoret, ni kielelezo bora. Unyumbufu wake umo katika kamusi ya dhana: kliniki ikihitaji swali jipya, huongeza dhana bila kuisuka upya hifadhidata. Dhana moja huweza kubeba majina ya lugha kadhaa na kuambatishwa msimbo wa kimataifa. Katika uainishaji wa ICD-10 wa Shirika la Afya Duniani, malaria isiyobainishwa ni B54, ilhali homa isiyojulikana chanzo ni R50.

Hata hivyo, unyumbufu usio na viwango ni hatari. Kila ndege akiruka kwa ubawa wake, rekodi ya Kisumu haitaeleweka Mombasa, na mgonjwa aliyehama huenda akapewa dawa inayomdhuru.

Jukumu hili si la wahandisi pekee. Wanaisimu hawana budi kushirikiana na matabibu kusanifisha majina ya maradhi na kuyaoanisha na misimbo hiyo. Kulalamika kwamba teknolojia imekipuuza Kiswahili hakutoshi. Nafasi ya jina la Kiswahili imo kamusini. Lililosalia ni kuafikiana kuhusu jina lenyewe.