Tahariri: Daraja la beto iliyokazwa linataka pia watu wa kulichunga

Mvua ikinyesha sana milimani, wakaaji wa mashariki mwa Kongo wanajua kinachofuata: mto unashuka na mawe na miti, daraja linakatika, malori yanapanga mstari, na bei ya chumvi na ya sima inapanda sokoni. Mwezi wa inne 2020, mto Mulongwe ulipofurika Uvira, watu walikufa na nyumba nyingi zikabomoka. Kila mara ahadi ni ile ile: daraja jipya litajengwa. Kwetu sisi, kuuliza litajengwa lini haitoshi. Tuulize pia litajengwa namna gani, na nani atalichunga.

Kuna ufundi unaotumiwa leo kwa madaraja mengi makubwa duniani: beto iliyokazwa, ile wahandisi wetu wanaita kwa Kifaransa béton précontraint. Msingi wake si mgumu kuelewa.

Beto ni kama jiwe. Ukiifinya, inavumilia sana. Ukiivuta, inapasuka haraka. Nguvu yake ya kuvumilia kuvutwa ni karibu sehemu moja tu kwa kumi ya ile ya kuvumilia kufinywa. Lori likipita juu ya daraja, boriti inapinda kidogo: upande wa juu unafinywa, upande wa chini unavutwa. Ni huko chini ufa unaanzia. Katika beto ya kawaida tunaweka vyuma huko chini ili ufa usifunguke sana. Lakini nyufa ndogo zinabaki, na maji yanaweza kupitia humo.

Beto iliyokazwa inafinywa mbele ya kubeba mzigo. Angalieni fundi anayehamisha matofali sita kwa mara moja: anayapanga mstari, anayafinya pande mbili kwa mikono, kiisha anayainua yote. Hakuna sima kati yao, lakini hata lile la katikati halianguki. Katika daraja, kazi ya mikono hiyo inafanywa na kamba za chuma. Wakati mwingine kamba zinavutwa kwanza, kiisha beto inamwangwa juu yake. Wakati mwingine zinapitishwa ndani ya mabomba yaliyoachwa katika beto. Beto ikikauka na kuwa ngumu, zinavutwa kwa kriki zenye nguvu nyingi, zinafungwa kwenye ncha, na bomba linajazwa uji wa sima ili kutu isiingie.

Mfaransa Eugène Freyssinet alipata hati ya uvumbuzi huo mwaka 1928. Wengine walikuwa wamejaribu mbele yake bila kufaulu, kwa sababu beto inaendelea kujikunja kidogo kidogo kwa miaka, na chuma cha kawaida kinalegea. Yeye alielewa kwamba inahitajika chuma chenye nguvu sana, kilichovutwa sana.

Faida ni wazi. Boriti inakuwa nyembamba na nyepesi zaidi, nyufa zinapungua, na daraja linaruka mbali zaidi bila nguzo. Kwa boriti za kawaida za beto, mara nyingi nguzo zinafuatana kila mita 15 au 20. Kwa boriti zilizokazwa, mita 30 au 40 ni jambo la kila siku. Kwa mito yetu hiyo ni faida kubwa, maana miti na mawe ya mafuriko yanakwama kwenye nguzo. Malori mengi yanayotoka Mombasa kuelekea Kasindi, na bidhaa za Beni na Butembo, yanavuka mto Nil huko Jinja, Uganda. Daraja lililofunguliwa hapo mwezi wa kumi 2018 lina mita 525, na sehemu yake ya katikati inaruka mita 290. Sakafu yake ni beto iliyokazwa, inayoshikwa na kamba kutoka juu.

Lakini ufundi huu hausamehe uvivu. Chuma chake kimefichwa ndani, na kikila kutu, mpita njia haoni kitu. Tarehe 14 mwezi wa munane 2018, daraja la Morandi huko Genoa, Italia, lilianguka na kuua watu 43. Lilikuwa limefunguliwa mwaka 1967, na kutu ilikuwa imekula kamba zilizofunikwa na beto. Kama inchi tajiri imepata hasara hiyo, sisi tusifikiri kukata utepe ndio mwisho wa kazi.

Kwa hiyo tunaomba serkali na mikoa mambo matatu. Kwanza, kila mkataba wa daraja uonyeshe wazi nani anapima beto na nani anaandika kila kamba ilivutwa kwa nguvu gani. Karatasi hizo zibaki katika mkoa, si kwa kampuni tu. Pili, wahandisi vijana wa kwetu wawe kwenye kazi tangu siku ya kwanza, wajifunze kuvuta kamba na kujaza mabomba, ili kesho tusingoje mgeni aje kutazama ufa. Tatu, sehemu ya pesa za péage iwekwe kwa ukaguzi wa kila mwaka, na malori yanayopita uzito yasimamishwe kweli.

Daraja la namna hii linaweza kuhudumia watoto na wajukuu wetu. Likijengwa kwa sima iliyopunguzwa na kamba zisizofunikwa vizuri, litakuwa hatari zaidi kuliko lile la miti, maana la miti kila mtu anaona likioza.