Fomu za mtandao zisitukosoe kabla hatujamaliza



Napenda kutoa maoni yangu kuhusu fomu zinazojazwa katika mtandao, ambazo siku hizi ni mlango wa huduma nyingi za wananchi.

Hivi karibuni mzazi mmoja hapa kijijini alinijia na simu yake. Kila alipoandika tarakimu ya kwanza ya namba ya kitambulisho chake cha Taifa, maandishi mekundu yalitokea: "Namba si sahihi." Akifuta na kuanza tena, yanatokea tena. Alikwisha amini kuwa kitambulisho chake kina kasoro, na alikuwa anatafuta nauli ya kwenda wilayani. Kumbe namba hiyo ina tarakimu 20, naye hakuwahi kufika hata ya pili! Nilimwambia aendelee tu. Alipoandika ya 20, onyo likatoweka.

Sisi walimu tunajua kwamba mwanafunzi hawekewi alama ya kosa angali anaandika jibu. Ukifanya hivyo unamvunja moyo.

Zipo pia fomu zenye kasoro ya kinyume. Hizo hunyamaza mpaka ubonyeze kitufe cha kutuma, ndipo zikumwagie makosa yote kwa pamoja.

Njia iliyo bora ni fomu kusubiri mtu amalize kisanduku kimoja na kuhamia kingine, ndipo imweleze kosa kwa maneno yanayoeleweka, kama vile: "Umeandika tarakimu 19, zinatakiwa 20." Akirudi kusahihisha, onyo lifutwe mara tu anapopatia. Na kisanduku ambacho hajakigusa kisilalamikiwe mpaka abonyeze kutuma.

Mafundi wasiseme kazi hiyo ni ngumu. Katika CSS, lugha inayopanga sura ya kurasa, kanuni ya :invalid huweza kutia wekundu hata ukurasa unapofunguliwa tu. Lakini tangu mwaka 2023 Chrome, Firefox na Safari zote zinatambua kanuni ya :user-invalid, ambayo humngoja kwanza mtumiaji ajaze.

Nawaomba wanaotengeneza fomu hizi, kabla hawajazitoa, wamkalishe mwananchi mmoja wa kijijini azijaze mbele yao, nao wanyamaze watazame. Huduma isimpite mtu mwenye haki yake kwa sababu ya onyo lililotangulia kosa.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Makete.